Wimbo wa Bibi Harusi na Miguu ya Wagoa

Hapana, hajazama. Nyinyi mlioniandikia wiki nzima, wengine kwa kalamu nyekundu, mkidai nimemuua Anacleto Rebelo kwa maji ya mvua ya Bombay, shusheni pumzi. Mtu wetu yu hai. Kalowa chapachapa, lakini yu hai.

Tulimwacha katikati ya barabara ya Parel, maji yamemfika kiunoni, fidla kaiinua juu ya kichwa kwa mikono miwili, na mkoba wake wa ngozi unaelea kuelekea mtaroni. Ndani ya mkoba huo mlikuwa na noti za muziki, wimbo mzima wa wapigaji arobaini na wawili. Kuuacha mkoba ni kuupoteza wimbo. Kuiacha fidla ni kuipoteza kazi.

Anacleto hakuacha kitu. Aliinama, akaudaka mkanda wa mkoba kwa meno, akatoka majini hivyo hivyo, fidla juu na mkoba mdomoni, huku abiria wa tramu iliyokwama wakimpigia makofi.

"Shikilia hapo hapo, Mgoa!" mmoja alipiga kelele dirishani. "Ukifika nyumbani watakupa mfupa!"

Alidandia mkokoteni wa dobi mmoja aliyekuwa akielekea Tardeo, kuliko na studio, akakaa juu ya mashuka ya watu, akafungua mkoba. Akatamani angeuacha uende zake. Wino wote ulikuwa umeyeyuka. Siku tisa za kazi zimegeuka karatasi za buluu, na kwenye ile karatasi ya juu kabisa kilichosomeka ni jina la wimbo tu.

Kwa msomaji uliyelinunua gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, mambo ni haya. Kwa miaka sita Anacleto amekuwa akimpangia muziki wa filamu Pandit Dharnidhar, mtunzi mwenye sifa mji mzima. Panditji hajui noti hata moja. Huimba puani akiwa bafuni, na Anacleto, nje ya mlango wa bafu, huandika. Kisha huongeza fidla, tarumbeta, vipande vya katikati, na kila kitu kinachowafanya watu waununue wimbo. Filamu sita zimetoka. Jina la Anacleto halijaonekana kwenye hata moja. Mama mwenye nyumba wake mpaka leo anaamini kijana anauza bima.

Safari hii Panditji alikuwa ameahidi mbele ya mashahidi. Wimbo wa bibi harusi ukitoka vizuri, jina la Anacleto litaandikwa kwenye filamu, kwa herufi zake lenyewe, watu walisome.

Panditji alikuwa anamsubiri kwenye mlango wa studio. Hakusalimu.

"Ziko wapi?"

"Zipo, Panditji. Zimelowa kidogo."

Panditji alichukua karatasi ya juu. Maji ya buluu yakamtiririkia mpaka kwenye kiwiko.

"Hiki ndicho kidogo?"

"Zote ninazo kichwani."

"Kichwa chako nakijua, jana kilisahau mwavuli." Akamvuta karibu kwa kola. "Sikiliza, Anacleto. Seth Vrajlal yumo ndani na nazi yake. Mnajimu amempa saa ya heri, kuanzia saa nne na dakika arobaini mpaka saa sita na robo. Wimbo usipoingia kwenye mkanda ndani ya muda huo, basi tena. Na wewe utarudi hotelini kuwapigia watu wanaotafuna."

"Na ukiingia?"

"Nikiahidi nimeahidi. Nenda, unanidondoshea maji viatuni."

Ndani, wapigaji walikuwa wamegawanyika kama siku zote. Upande wa kulia, juu ya viti, Wagoa ishirini na saba na suruali zao zilizopigwa pasi, fidla, tarumbeta na saksafoni. Hao husoma noti, na ukiwawekea karatasi mbele watapiga chochote bila kuuliza. Upande wa kushoto, juu ya mikeka, watu wa sarangi, sitari na tabla, ambao hawasomi kitu. Hao husikia mara mbili, na mara ya tatu wanakurudishia na chenji. Ustadh Bundu alikuwa anaipasha tabla yake moto kwenye jiko la mkaa, maana mwezi wa Julai ngozi hulegea na tabla hulia kama ndoo.

"Jamani," Anacleto alisema, "noti zimeenda na maji. Nisaidieni."

Hakuna aliyecheka sana. Mzee Piedade, mpiga tromboni, aliyekuwa mkubwa kuliko wote kwa umri na kwa tumbo, alitoa penseli nyuma ya sikio.

"Imba, mwanangu. Kila mtu ataandika chake. Ila uimbe taratibu, masikio yangu yana miaka sitini na tatu."

Basi Anacleto akaimba. Akaimba fidla, akaimba filimbi, akaimba hata ngoma kwa kujipiga kifuani, na Wagoa wakaandika. Saa tano kasoro robo Seth Vrajlal, mwenye filamu na mwenye fedha, alipasua nazi yake mbele ya maikrofoni, ndiyo dua ya kufungua kazi. Saa tano na robo wimbo wote ulikuwa umerudi kwenye karatasi.

Wote isipokuwa mistari minne.

Kile kipande cha katikati! Pale bibi harusi anaposikia kwa mbali bendi ya bwana harusi inakuja, anakaa kimya, na matarumbeta yanaingia peke yao. Kipande hicho Anacleto alikitunga jana yake ndani ya tramu kwa dakika ishirini, na sasa, hata angekatwa kidole, hakikumbuki.

Alikimbilia kwenye jiko la studio, akakaa kwenye kreti kando ya karai la bajia.

"Unataka za viazi au za vitunguu?" aliuliza mpishi.

"Nataka mistari minne!"

"Hiyo hatuna leo."

Anacleto alifumba macho. Kule ndani Kumudini Bai, mwimbaji, alikuwa anafanya mazoezi ya beti zake na wapigaji. Saa ilikuwa inakwenda. Kisha, bila yeye kujua ilikotoka, tuni ikaja, na ilikuja nzima, na sauti zake zote zimekwisha kupangana. Mkono ulikimbia wenyewe. Aliandika karatasi ya kila mpiga tarumbeta, ya Mzee Piedade, ya fidla, akazisambaza wakati taa nyekundu ya kurekodi inataka kuwaka.

"Nzuri hiyo?" Panditji alimnong'oneza.

"Nzuri mno, Panditji. Imekuja kama niliyokuwa naijua."

Kumbukeni maneno hayo.

Taa ikawaka. Kumudini Bai aliimba ubeti wa kwanza, mama huyu aliyejaa, mwenye miwani, anayekaa kwenye kigoda na kuimba kama msichana wa miaka kumi na saba. Ubeti wa pili ukapita. Tabla inacheka, fidla zinacheka. Kwenye chumba cha kioo fundi wa sauti, Mparsi aitwaye Kersasp, alikuwa anatikisa kichwa kwa raha. Kikafika kipande cha katikati, tarumbeta zikainuka.

Sauti ya kwanza. Ya pili. Ya tatu.

Mzee Piedade alitoa macho. Hakuacha kupiga, Mgoa haachi kupiga, lakini mkono wake wa kulia uliruka kutoka kwenye tromboni ukafanya ishara ya msalaba. Nyuma yake wapiga fidla wawili wakainamisha vichwa. Mpiga saksafoni akavua kofia. Na mwendo ukaanza kuvutika, kuvutika, hatua, kituo, hatua, kituo, viatu ishirini na saba vya kushoto vikipiga sakafu polepole kwa pamoja.

Jasho la baridi lilimtoka Anacleto. Sasa ndipo alipoitambua.

Ilikuwa tuni ya jeneza.

Ndiyo, msomaji. Ile inayopigwa na bendi ya kijiji kule Goa, kutoka nyumba ya marehemu mpaka kanisani, na kutoka kanisani mpaka kaburini. Anacleto aliipiga tangu ana miaka tisa, nyuma ya majeneza yasiyo na idadi. Wale ishirini na saba kila mmoja alikuwa ameifuata nyuma ya jeneza la babu yake, au la mama yake. Leo ameiweka katikati ya harusi, iwe bendi ya bwana harusi!

"Simamisha!" Kersasp aligonga kioo. "Nani kapunguza mwendo? Mnamsubiri nani?"

Lakini balaa lenyewe lilikuwa limekwisha kusimama, limevaa dhoti nyeupe. Seth Vrajlal Kapasi, mtu anayerudi nyumbani akikatizwa njia na paka, mtu aliyewahi kumfukuza mcheza filamu kwa kupiga chafya siku ya kwanza, alikuwa anamnyooshea kidole Mzee Piedade.

"Wewe mzee. Ulifanya nini na mkono?"

Kila Mgoa alikuwa anakagua viatu vyake. Seth akijua, wimbo umekufa, na Anacleto kauawa nao.

"Baraka, Sethji," alisema Mzee Piedade, bila hata kumeza mate.

"Baraka gani?"

"Kwetu, mpigaji akisikia tuni ambayo itapendwa na nchi nzima, lazima afanye hivi. Hujizuii. Mkono unakwenda wenyewe."

Seth alimtazama. Kisha uso ukamng'aa.

"Sasa mbona mmefanya wachache? Fanyeni wote!"

"Wote, Sethji?"

"Wote! Na wa kwenye mikeka pia! Heri inagawanywa nusu nusu?"

Basi ikawa ajabu ya studio. Taa ilipowaka tena, na kipande cha katikati kilipofika, watu arobaini na wawili walifanya ishara ya msalaba. Wahindu walifanya. Ustadh Bundu, ambaye hajawahi kukosa sala ya Ijumaa, alifanya kwa mkono wa kushoto, juu chini, huku wa kulia unaendelea na tabla.

"Mungu ananiona," alinung'unika, "na anajua ni kazi."

Lakini mwendo ulivutika tena pale pale. Hatua, kituo. Hatua, kituo. Kersasp akagonga kioo.

Mara ya tatu hata hawakufika katikati, mvua ilimwagika juu ya mabati kiasi kwamba Kumudini Bai alionekana anafungua mdomo tu. Wakasubiri. Bajia zikapitishwa. Mvua ilipokata, saa ya ukutani ilisema saa sita kamili.

Panditji alimvuta Anacleto nyuma ya piano. "Zimebaki dakika kumi na tano. Kitoe hicho kipande."

"Nikikitoa, katikati pana shimo, Panditji. Hakuna muda wa kuandika kingine."

"Basi waambie watu wako wapige haraka!"

"Nimewaambia."

Na kweli aliwaambia, na wao wenyewe walitaka. "Anacleto, baba, tunajaribu," alisema mpiga saksafoni kwa huzuni. "Midomo inakwenda haraka. Miguu ndiyo haitaki. Miguu imemwona marehemu."

Miguu! Anacleto alitazama viatu vilivyopangwa chini ya viti. Kisha akatazama upande wa pili, kwenye mikeka, ambako watu wamekunja miguu chini yao tangu asubuhi. Mtu aliyekunja miguu huyo hawezi kutembea na jeneza.

"Shukeni kwenye viti!" alipiga kelele. "Wote! Kaeni mikekani, mkunje miguu!"

"Sisi?" Mzee Piedade alishika tumbo lake kwa mikono miwili. "Mimi mara ya mwisho kukunja miguu nilikuwa nabatizwa!"

"Mzee wangu, nakuomba."

Mngewaona! Wanaume wazima wa tai na suruali za pasi wanashuka chini mmoja mmoja, magoti yanalia, mshono wa mtu unapasuka, watu wa sitari wanawasogezea nafasi na kuwafundisha.

"Huu chini, ule juu. Siyo huo, Mgoa, huo ni wa kwangu!"

"Nitainukaje baadaye?"

"Hutainuka. Tutakuletea chakula hapo hapo."

Mzee Piedade walimshusha watatu. Saa sita na dakika saba taa ikawaka.

Ubeti wa kwanza. Ubeti wa pili. Kumudini Bai akanyamaza, mikono arobaini na miwili ikafanya msalaba, tarumbeta zikainuka. Anacleto aliacha kupumua. Miguu ya Wagoa ilijaribu, aliiona ikitikisika chini ya mapaja, lakini haikuwa na pa kwenda. Ustadh Bundu aliona upenyo, akatia tabla ya haraka, na ile tuni ya jeneza, kwa mara ya kwanza tangu itungwe, ikacheza.

Ilikuwa tamu ajabu. Furaha yote ya bendi inayokuja ilikuwamo, na chini yake huzuni, kwa sababu binti anaondoka kwao leo na hatarudi kuwa binti tena. Kumudini Bai aliingia na ubeti wa mwisho machozi yanamtoka. Kersasp akanyanyua dole gumba. Saa sita na dakika kumi na moja.

Studio ililipuka. Anacleto alikumbatiwa na watu waliokaa, yaani alikumbatiwa magoti. Alikuwa anacheka na hajui anacheka nini. Miaka sita! Sasa mama mwenye nyumba atalisoma jina lake kwenye ukuta wa jumba la sinema, kubwa kuliko mlango.

Seth Vrajlal alikuja anafuta macho kwa ncha ya dhoti.

"Nimewaoza mabinti wanne na sikulia hivi. Hicho kipande cha katikati, ni cha nani?"

Anacleto alifungua mdomo.

"Changu, Sethji," alisema Panditji kwa upole. "Kilinijia alfajiri, kwenye sala."

Anacleto aliwatazama wale mashahidi wa ahadi, nao wakatazama mkeka. Panditji ndiye anayewapa kazi, wangesema nini? Ilimuuma mpaka masikio yakawaka.

"Hongera, Panditji," alisema Kumudini Bai, akifuta miwani. "Hebu kiimbe tukisikie."

"Samahani?"

"Kipande chako. Kimekujia kwenye sala, hakiwezi kuwa kimeondoka sasa hivi. Kiimbe."

Panditji alikohoa. Akaimba sauti mbili. Ya tatu ikawa ya wimbo mwingine, wa filamu ya mwaka juzi. Kwenye mikeka mtu mmoja aliangua kicheko akajifanya anapiga chafya.

Seth hakucheka. Alimwangalia Panditji toka kichwani mpaka viatuni, kisha akamgeukia Anacleto na daftari dogo jekundu.

"Mimi si mjinga, nimemwona nani anatoka jasho. Mchora herufi wangu yuko nje ndani ya gari na brashi yake. Saa ya heri bado dakika tatu, jina liandikwe ndani yake. Andika hapa jina la aliyetunga kipande kile. Litakaa peke yake, wimbo ukianza tu."

Anacleto alichukua kalamu. Mzee Piedade alikuwa amevutwa juu na watu wawili, sasa yuko kando yake, anafuta mate kwenye tromboni.

"Mzee wangu," Anacleto alimnong'oneza kwa lugha ya kwao, "leo umeniokoa. Ile ya baraka uliitoa wapi?"

"Uongo tu. Ningefanya nini, niache waitupe?" Mzee hakuinua macho. "Ile tuni ni ya kaka yangu."

"Kaka yako?"

"Salvador Gracias. Alimtungia mama yetu, siku tuliyomzika. Bendi ya kijiji cha pili wakaisikia, wakaichukua, na kijiji cha tatu wakachukua kwao, mpaka Goa nzima. Hakuna aliyeuliza ni ya nani. Yeye mwenyewe mwaka wa kumi na moja huu yuko ardhini, na alizikwa nayo, na hata waliokuwa wanaipiga hawakujua." Akafunga kisanduku cha tromboni. "Andika lako, mwanangu. Sijasema ili usiandike. Umelisubiri sana."

Kalamu ilisimama juu ya karatasi. Anacleto alilitaka jina lile kwa moyo wake wote, siwafichi. Alilitaka hata pale alipoanza kuandika.

Seth alilichukua daftari, akalisogeza mbali na macho, akasoma kwa sauti.

"Salvador Gracias." Uso ukamkunjamana. "Si wewe huyu."

"Si mimi, Sethji. Kipande ni chake."

"Basi yuko wapi? Nimwone kabla dakika hazijaisha." Ghafla akashtuka, akarudi hatua moja. "Yu hai lakini? Jina la marehemu kwenye wimbo wa harusi silitii hata kwa bunduki. Nitauchoma mkanda huu sasa hivi!"

Anacleto alimtazama Mzee Piedade.

Mzee Piedade aliweka kisanduku chini. Akavua kofia, akajinyoosha tumbo na yote.

"Yu hai, Sethji," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye Salvador Gracias."

Hakuna aliyebisha, si Mgoa wala mtu wa sitari.

Lakini kule nyuma ya piano, alikokuwa amejificha na aibu yake, Pandit Dharnidhar, ambaye kwa miaka kumi na miwili amemwita mzee huyu Piedade kila siku ya kazi, aliinua kichwa polepole. Na kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, akatabasamu.